Injinia Hakuwemo Kwenye Mpango: Kisa cha Kifusi cha New York, 2001

New York halikuwa jiji lililolala. Tangu 1996 lilikuwa na ofisi yake ya kusimamia dharura, na tangu 1999 ofisi hiyo ilikuwa na chumba cha uongozi kilichokamilika kwa vifaa, ghorofa ya 23 ya jengo nambari 7 la World Trade Center. Julai 2001 Meya Rudolph Giuliani alitoa waraka unaoeleza nani ashike uongozi katika dharura ya aina gani, ili polisi na zimamoto waache kugombania matukio. Kwenye karatasi, kila mtu alikuwa na mahali pake.

Miezi miwili baadaye, Septemba 11, ndege ya kwanza iliyotekwa na magaidi iligonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center saa 2:46 asubuhi, na ya pili ikagonga wa kusini saa 3:03. Kabla ya saa nne watu walikuwa wameshaondolewa katika chumba kile cha uongozi. Mnara wa kusini ukaanguka saa 3:59, wa kaskazini saa 4:28, na saa 11:20 jioni jengo nambari 7 nalo likalala chini na chumba chake ndani. Watu 2,753 walipoteza maisha New York siku hiyo. Kati yao walikuwemo wazima moto 343, polisi 37 wa Mamlaka ya Bandari, iliyomiliki eneo la minara, na askari 23 wa polisi wa jiji.

Asubuhi ile imeandikwa sana. Ninachotaka kukichambua hapa ni kilichofuata, kuanzia mchana wake hadi Mei 30, 2002, kazi ya kuondoa kifusi ilipofungwa rasmi. Kwa sisi wa fani ya ujenzi, miezi hiyo ndiyo yenye somo ambalo miji yetu bado haijalisoma vizuri: polisi na zimamoto walijikuta mbele ya mlima ambao hawakuwa na nyenzo za kuugusa, na aliyekuwa na nyenzo hakuwa ameandikwa popote kwenye mpango kama kiongozi.

Nianze na redio, kwa sababu hapo ndipo ufa unapoonekana mapema. Polisi walikuwa na helikopta angani. Muda mfupi baada ya mnara wa kusini kuanguka, marubani waliona sehemu ya juu ya mnara wa kaskazini ikiwaka nyekundu, wakatoa tahadhari kuwa nao hautasimama kwa muda mrefu. Tahadhari ile ilipita kwenye redio za polisi. Makamanda wa zimamoto walikuwa kwenye masafa mengine, na hakukuwa na ofisa wa polisi aliyesimama kando yao kuwafikishia neno. Tume iliyoundwa baadaye kuchunguza mashambulizi yale ilisema wazi kwamba idara hizi mbili kila moja ilijiona inajitegemea katika kazi, na kwamba waraka wa Julai haukuwa umewaunganisha. Ikiwa ndugu wawili wanaovaa sare na kukutana barabarani kila siku walishindwa kusikilizana, mtu wa tatu, yule wa zege na mitambo, alikuwa mbali kabisa na meza.

Mtu huyo wa tatu alikuwa Idara ya Usanifu na Ujenzi ya jiji. Ilianzishwa 1996, makao yake yakiwa Queens, ng'ambo ya mto. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ile isiyoandikwa magazetini: kusimamia ujenzi wa barabara, mifereji ya maji taka, maktaba, mahakama, hata vituo vya zimamoto. Mkuu wake aliitwa Kenneth Holden, na msaidizi wake mkuu alikuwa injinia Michael Burton. Kwa taratibu za Marekani, janga kubwa kiasi hicho lilitarajiwa kwenda mikononi mwa serikali kuu, na kikosi cha wahandisi wa jeshi kishughulikie kifusi. Hakuna waraka uliosema Holden na Burton ndio watakaoongoza.

Waliongoza kwa sababu walijua nani wa kumpigia simu. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Wale wawili walikuwa wakisimamia mikataba ya ujenzi mjini, kwa hiyo walijua mkandarasi gani ana winchi kubwa, nani ana vijiko vya kuchimbia na malori karibu, nani akisema ndiyo anamaanisha ndiyo. Mchana uleule simu zilianza kupigwa. Hakukuwa na zabuni wala mkataba ulioandikwa, watu walikuja kwa neno la mdomo na karatasi zikafuata baadaye. Kampuni nne, AMEC, Bovis, Tully na Turner, zikagawiwa eneo kwa robo, kila moja na pande lake. Wahandisi wa miundo wa jiji wakajitolea kwa makundi, wakazunguka na kukagua zaidi ya majengo 400 ya jirani ili ijulikane lipi salama kuingia na lipi ni la kukaa nalo mbali.

Wakati huohuo wazima moto na polisi walikuwa juu ya lundo kwa mikono. Walipanga mistari mirefu na kupokezana ndoo, wakichota kifusi kidogo kidogo, na kila baada ya muda mtu alipaza sauti ya kunyamazisha watu ili wasikilize kama kuna anayeita kutoka chini. Mtu wa mwisho kutolewa hai alipatikana Septemba 12, baada ya saa 27 hivi chini ya kifusi. Baada yake hakutoka mwingine, lakini kwa siku nyingi hakuna aliyethubutu kulisema hilo kwa sauti.

Ndoo haiinui nguzo ya chuma yenye tani kadhaa. Upande wa pili, kijiko kinachovuta nguzo hiyo kinaweza kuporomosha mwanya ambamo pengine kuna mtu, au kuwachanganya wafu na udongo wasijulikane tena. Mvutano wote wa miezi tisa iliyofuata ulikuwa hapo, na haukuwa mvutano wa watu wabaya. Zimamoto walikuwa wanatafuta ndugu zao. Injinia alikuwa anatazama lundo linalowaka kwa ndani, limeegemea majengo, limekaa juu ya mashimo, na kila siku linavyocheleweshwa linaweza kuua wengine.

Ufumbuzi haukutoka ofisini. Ulipatikana pale pale kwenye kifusi, na ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote katika kisa hiki. Piga picha ya kijiko kimoja chenye kucha mbili mbele. Opereta yumo kabini, haoni vizuri kilicho chini ya kucha. Hatua chache kutoka ncha ya mkono wa mtambo amesimama mzima moto, ameinama kidogo, macho kwenye kile kinachofunuliwa. Kucha zinashika fungu la nondo zilizosokotana, zinavuta polepole, vumbi na moshi vinapanda. Mzima moto anainua mkono. Mtambo unasimama, injini inashuka sauti. Anasogea na reki ndogo ya mkono, anapekua, anaangalia kipande cha koti. Ikiwa si kitu, anarudi nyuma, anatoa ishara, kazi inaendelea. Ikiwa ni mwenzao, mitambo ya jirani inazimwa, machela inaletwa, mwili unafunikwa bendera, na watu wanajipanga mistari miwili kofia mkononi hadi upite.

Hapo ndipo idara mbili zilipokuwa kitu kimoja. Opereta alikuwa na nguvu, mzima moto alikuwa na macho na haki ya kusema simama. Ukitaka kujua kama mji wako umeunganisha vikosi vyake kweli, angalia kama opereta anajua ni mkono wa nani unaomsimamisha.

Uongozi wa juu nao ulipata chumba. Ofisi ya dharura ilihamia Pier 92, gati la Mto Hudson ambalo kwa bahati lilikuwa limeandaliwa kwa zoezi la Septemba 12. Watu wa ujenzi hawakuhamia huko, waliona ni mbali mno. Walichukua shule ya msingi iliyo karibu na eneo, PS 89, wakaendesha mikutano yao katika madarasa ya chekechea, kukiwa na viti vidogo na michoro ya watoto ukutani. Wakandarasi, zimamoto, polisi, watu wa Mamlaka ya Bandari, umeme, simu, maji, wote walipita pale. Aliyekuwa na jambo alilisema mbele ya wote, uamuzi ukatolewa palepale, na kila mtu akarudi kazini. Naamini chumba kile cha watoto kilifanya kazi kubwa kuliko chumba cha ghorofa ya 23, kwa sababu kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kifusi na mlango wake ulikuwa wazi.

Kisha kulikuwa na ukuta. Watu wengi hawakujua kwamba minara ile ilisimama ndani ya beseni la zege. Sehemu ile ya Manhattan zamani ilikuwa maji, na walipojenga mwishoni mwa miaka ya 1960 walizungusha chini ya ardhi ukuta wenye unene wa karibu mita moja na kina cha mita 20 hivi, kuuzuia Mto Hudson. Ghorofa za chini ya ardhi ndizo zilizousukuma ukuta usiingie ndani. Minara ilipoanguka ilizivunja ghorofa hizo, na sasa kilichokuwa kikiushikilia ukuta ni kifusi chenyewe. Kadiri unavyokiondoa, ndivyo unavyouondolea ukuta egemeo. Ukipasuka, mto unaingia shimoni, na kupitia mahandaki ya treni unaweza kufika hadi New Jersey.

Mzima moto hakufundishwa hayo, na polisi vilevile. Hata injinia wa kawaida asingelijua bila mtu wa kumwonyesha. Aliyelijua alikuwa George Tamaro, ambaye alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye ujenzi wa ukuta huohuo, na 2001 alikuwa mshauri katika kampuni ya wahandisi wa misingi. Zikachorwa upya ramani za ghorofa za chini, ikaelezwa winchi nzito zikae wapi na zisikanyage wapi. Upande wa Jersey City mahandaki yakazibwa kwa zege. Mapema Oktoba ufa ukaonekana kando ya mtaa wa Liberty: ukuta ulikuwa umeanza kusogea ndani. Uchimbaji upande ule ukasimamishwa, udongo ukamwagwa kuuegemeza, kisha ukuta ukatobolewa, nyaya za chuma zikapitishwa na kufungwa kwenye mwamba ulio nyuma yake. Ukuta ulisimama, na sehemu yake inaonekana hadi leo ndani ya jumba la kumbukumbu.

Nimekaa na ukuta huu kwa makusudi. Mara nyingi kwenye mikutano ya maafa mtu wa ujenzi hukumbukwa wakati wa kutafuta malori. Anaitwa kama mbeba mizigo. Pale New York ilionekana kwamba kazi yake ya kwanza ni kusema kilicho chini ya miguu ya waokoaji. Askari anayeingia kwenye jengo lililoporomoka anahitaji kujua bomba la gesi linapita wapi, umeme umekatwa au la, kuna ghorofa ngapi chini, na ukuta uliobaki umeshikiliwa na nini. Majibu hayo yapo kwenye makabati ya idara ya ujenzi, ya maji na ya umeme. Yakichelewa saa mbili, yamechelewa mno.

Safari ya kifusi ilikuwa kazi nyingine ya aina yake, nayo ilifanywa na watu wasiopigiwa makofi. Malori yalipeleka mizigo kwenye matishari, na matishari yakavuka hadi Fresh Kills, dampo la Staten Island lililokuwa limefungwa Machi mwaka huohuo na likafunguliwa tena kwa ajili hii. Huko wapelelezi wa polisi na wa serikali kuu walichambua takribani tani milioni 1.8 wakitafuta mabaki ya watu na vitu vyao. Idara ya usafi, polisi na makachero walishika mnyororo mmoja. Chuma kilipoanza kuibwa njiani, malori yakafungwa vifaa vya kuyafuatilia kwa setilaiti.

Sasa pale walipoanguka.

Mwisho wa Oktoba meya aliamua kupunguza idadi ya wazima moto na polisi waliokuwa kwenye lundo, akitoa sababu ya usalama. Kwa hesabu ya mitambo uamuzi ule ulieleweka: watu wengi kwa miguu katikati ya mashine nzito ni hatari. Lakini wazima moto waliusikia kwa masikio mengine. Kwao ilikuwa kama kuambiwa ndugu zao sasa ni taka za kuzoa. Novemba 2, 2001 waliandamana hadi kwenye eneo wakidai warudishe wenzao nyumbani. Polisi walikuwa wamewekwa kwenye vizuizi kuwazuia. Watu waliozika pamoja kwa wiki saba wakasukumana na kupigana ngumi, wazima moto kadhaa wakakamatwa, polisi kadhaa wakaumia. Siku chache baadaye idadi ikaongezwa tena.

Nimesoma maelezo mengi yanayosema ulikuwa uchovu na uchungu. Ulikuwepo, ndiyo. Ila mimi naona chanzo kilikuwa cha kiutawala. Tangu Septemba kazi ilikuwa na malengo mawili, kutafuta wafu na kuondoa kifusi, na hakuna aliyekuwa ameketi na pande zote kuandika lini moja linatangulia jingine na nani mwenye kauli ya mwisho. Opereta na mzima moto walikuwa wameshalimaliza jambo hilo kwa ishara ya mkono. Juu yao halikumalizwa, na uamuzi ukashuka kama amri.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, nalo lilitembea kimya. Moto chini ya lundo uliendelea hadi Desemba. Vumbi lilikuwa na zege iliyosagwa, vioo, asbesto. Septemba 18 mkuu wa shirika la mazingira la Marekani, Christine Todd Whitman, aliwaambia wakazi kwamba hewa ni salama kuvuta. Mwaka 2003 mkaguzi wa ndani wa shirika lenyewe alisema wakati ule hapakuwa na vipimo vya kutosha kusema hivyo. Kwenye lundo wengi walifanya kazi barakoa zikiwa shingoni, maana ukiivaa vizuri huwezi kuzungumza, na kwenye kazi ya kupeana ishara na sauti hilo ni gumu. Hakukuwa na kamanda mmoja mwenye mamlaka ya kumtoa nje mtu wa idara yoyote asiye na barakoa. Kila idara ilijisimamia, na vumbi halikubagua sare.

Kazi ilikwisha kabla ya muda na kwa gharama ndogo kuliko ilivyohofiwa. Mei 28, 2002 nguzo ya mwisho ilikatwa, na Mei 30 sherehe ya kimya ikafunga eneo. Lakini ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria, iliyosainiwa Januari 2011, ili waliougua watibiwe. Zaidi ya watu 100,000 wamejiandikisha kwenye mpango huo wa afya. Kufikia Septemba 2023, wazima moto wa New York waliofariki kwa maradhi yaliyotokana na eneo lile walikuwa wamefikia 343, idadi ileile ya siku ya kwanza. Ninapoulizwa kama muungano wa vikosi New York ulifaulu, huitazama namba hiyo kabla sijajibu.

Baada ya kisa hiki taratibu zilibadilika. Desemba 2003 agizo la Rais George W. Bush kuhusu maandalizi ya dharura liliwataja watu wa kazi za umma miongoni mwa waitikiaji wa kwanza, likiwataja hadi waendesha mitambo. Mwaka 2004 nchi nzima ikapewa mfumo mmoja wa kuongoza matukio, uliozaliwa zamani kwenye mioto ya misitu ya California ya 1970, na New York nalo likatunga wake mwaka huohuo. Katika mfumo huo idara zaidi ya moja zinaweza kushika uongozi kwa pamoja, mezani pamoja, kwa mpango mmoja ulioandikwa, na panakuwapo ofisa wa usalama anayeruhusiwa kusimamisha kazi ya yeyote.

Nikiyasoma haya huwa naiona Kariakoo. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Dar es Salaam, na watu wakakwama chini huku sauti zao zikisikika. Mjadala ulikuwa uleule wa New York: mkono au kijiko? Waliokuwa chini walipitishiwa hewa na maji kwenye matundu, na mtambo mkubwa ulikuwa msaada na tishio kwa wakati mmoja. Sasa tazama mpangilio wetu. Polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wapo Wizara ya Mambo ya Ndani. Barabara za mitaa ni za TARURA, chini ya TAMISEMI. Barabara kuu ni za TANROADS. Maji ni DAWASA, umeme TANESCO. Vijiko na winchi zenye nguvu kwa sehemu kubwa ni mali ya wakandarasi binafsi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini kamati hukaa mchana, na jengo huanguka saa yoyote.

Halmashauri yoyote inaweza kuanza mwezi huu bila kununua kitu. Injinia wa wilaya, kamanda wa zimamoto na mkuu wa kituo cha polisi wakae saa moja na daftari. Waandike mitambo iliyopo wilayani, ya nani, inalala wapi, opereta wake anaitwa nani na simu yake ya usiku ni ipi, na nani atalipia dizeli kabla karatasi hazijasainiwa. Kisha waende uwanjani na kijiko kimoja, opereta na mzima moto wake, wakubaliane ishara ya kusimama. Na boksi la barakoa liwe juu ya gari hilohilo la kwanza, na awepo mtu mmoja ambaye kila mtu pale, awe na sare au asiwe nayo, anajua kwamba akisema toka, unatoka.